Niitazame lini taarifa yangu ya CRB kabla ya kukopa?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa samaki huku Likoni, Mombasa, na nakusudia kuomba mkopo wa benki mwishoni mwa mwaka ili ninunue friza kubwa. Mwaka juzi nilikopa kwa simu, nikachelewa miezi kadhaa, kisha nikalipa deni lote. Wenzangu sokoni wananishauri nisijishughulishe na CRB, yaani kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, mpaka benki yenyewe iniulize, kwani eti kila ukijitazama alama zako za ukopaji hushuka. Je, ni kweli, na wakati ufaao ni upi?

JIBU: Mama, wenzako wana nia njema lakini katika hili wamekosea. Mtu anapoomba taarifa yake mwenyewe hapunguziwi alama hata moja. Kinachoweza kukuathiri ni kuomba mikopo kwa wakopeshaji wengi kwa mfululizo, maana kila mmoja wao huacha rekodi ya kwamba alikuchunguza. Zaidi ya hayo, kanuni za CRB za mwaka 2020 zinampa mteja haki ya kupata nakala moja ya taarifa yake kila mwaka bila malipo, kwa hiyo kusubiri hakukuokolei chochote.

Itazame miezi miwili au mitatu kabla ya kupeleka maombi. Ninasisitiza muda huo kwa sababu kampuni za CRB hazitungi taarifa; huzipokea kutoka kwa wakopeshaji, na kosa likiwapo ni lazima aliyekukopesha athibitishe kwanza ndipo lirekebishwe. Ukiligundua kosa wiki ile ile unayoketi mbele ya afisa wa mikopo, yeye ataamua kwa kile alichokiona kwenye kompyuta yake siku hiyo, hata kama wewe ndiwe mwenye haki.

Kwa hali yako, nenda moja kwa moja kwenye mstari wa lile deni la simu. Utaona jina la mkopeshaji, kiasi ulichokopa, salio, na idadi ya siku ulizochelewa. Salio likiwa si sifuri ilhali ulilipa, pengine mkopeshaji hakupeleka taarifa mpya, au kulibaki masalio ya riba ambayo hukuambiwa. Mwandikie, ambatisha ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo na barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, kisha peleka malalamiko hayo hayo kwa kampuni ya CRB. Chunguza pia nambari ya kitambulisho na orodha nzima ya mikopo, kwani deni usilolitambua huenda ni la mtu mwingine lililoingizwa kwa nambari yako.

Hata hivyo, nisikupe tumaini lisilo na msingi: kulipa hakufuti historia. Rekodi ya deni lililochelewa husalia kwa miaka 5 tangu siku lilipolipwa, ingawa huandikwa kwamba limemalizwa, na tofauti kati ya deni lililolipwa na lisilolipwa ni kubwa sana machoni pa benki. Kanuni hizo za 2020 pia zilizuia wakopeshaji kupeleka taarifa mbaya za madeni yasiyofika shilingi 1,000; ukiliona deni dogo kama hilo limeorodheshwa, lidai liondolewe.

Kenya ina kampuni 3 zilizopewa leseni na Benki Kuu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na benki inaweza kutumia yoyote kati yao. Kwa hiyo usitosheke na moja. Muulize afisa wa benki unayoikusudia wanatumia ipi, uanze na hiyo, kisha uzitazame nyingine mbili. Baada ya marekebisho, omba taarifa mpya hata kama itakugharimu kidogo, uhakikishe kwa macho yako kwamba salio limebadilika, ndipo ujaze fomu ya mkopo.