Kompresa ya gereji: usiulize lita kwanza

Wakuu, kuna dogo anataka kufungua gereji Mbalizi, kanipigia anauliza anunue kompresa (mashine ya upepo) ya tenki la lita ngapi. Swali hilo hilo ndo lilinitia hasara mimi, so ngoja niandike hapa nisirudie kila siku kwenye simu.

Mimi nilianzia Uyole, pancha na upepo, baadae nikaongeza rangi. Nikanunua ya lita 50, zile mota imeungwa moja kwa moja na kichwa, yaani pampu inayosukuma upepo, haina mkanda, kelele kama inasaga kokoto. Muuzaji ananiambia "kaka, hii inapiga kazi zote". Siku ya tatu ikaingia semi inatoka Tunduma, tairi la nyuma linataka presha ya PSI 120. Geji ikapanda weee, 110, 114, ikagoma hapo hapo. Kumbe mashine mwisho wake ni bar 8, kipimo kingine cha presha, na bar 8 ni PSI 116 tu, sasa 120 utaipata wapi hata ukikesha? Dereva kaniangalia, kawasha gari, kaenda kwa jirani. Kama unategemea malori chukua ya bar 10 kwenda juu.

Rangi ndo balaa lenyewe. Spana ya upepo unabonyeza sekunde chache unaachia, mashine inapumua, ila bunduki ya rangi inakula upepo mfululizo, nyingi zinataka kama CFM 10 hivi, yaani lita 280 za upepo kwa dakika. Nilikuwa napiga mlango wa Noah, nusu mlango presha imekata, rangi inatoka matone matone, na matone mengine maji kabisa. Nikarudia mlango mzima kwa hela yangu. Tenki linatunga maji jamani, hasa huku kwetu kipindi cha mvua, fungua koki ya chini kila jioni uone yanavyotoka na rangi ya chai, na kwenye laini ya rangi weka filta ya kukamata maji.

Sasa dukani usisome stika, pima. Mwambie muuzaji aiwashe tenki likiwa tupu, shika simu uhesabu dakika mpaka ifike bar 8. Zidisha lita za tenki kwa 8, gawanya kwa dakika. Lita 100 ikijaa kwa dakika 5 maana yake inaleta lita 160 kwa dakika, hapo rangi sahau, hiyo ni ya pancha na kupulizia vumbi. Tenki kubwa na kichwa kidogo ni kama ndoo kubwa bombani maji yanachuruzika, ikiisha utasubiri. Na upimie huku huku Mbeya, maana tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, mashine iliyopimwa Dar huku inaleta pungufu karibu moja ya tano. Njombe ndo usiseme, kuko juu zaidi.

Mi natumia ya mkanda saivi, inazunguka taratibu, haichemki ovyo. Umeme wa fezi moja, huu wa kawaida wa nyumbani, mota isizidi nguvu ya HP 3, ukitaka kubwa vuta fezi tatu, maana mota ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida na jioni umeme ukiwa mdogo inanguruma tu mpaka inaungua. Halafu usiivutie kwa waya mrefu mwembamba, refusha mpira wa upepo, waya uwe mfupi. Oili weka ya kompresa, ile ya injini inaacha masizi kwenye valvu.

Jana usiku dogo kanitumia picha ya mtumba, bei ya kutupa, tenki lina kiraka cha kuchomelea chini, pale pale maji yanapokaa. Nikamwambia achana nalo, kutu imeshakula kwa ndani, likipasuka halikuachi. Kajibu, "lakini bro kapunguza tena elfu hamsini."