Kasi na kikomo: ushauri kwa wanaoanza kemia ya kidato cha tano

Wadogo zangu mliopangiwa michepuo yenye kemia ndani yake, PCB, PCM au CBG, haya ni kwa ajili yenu. Kila mwaka naona vijana waliotoka kidato cha nne na A ya kemia wakianza kunong'onezana, hata muhula wa kwanza haujaisha, kwamba somo limegeuka. Ni kweli limegeuka. Kule chini mtu aliyekariri vizuri alikuwa anavuka. Huku mtihani unakuwekea mmenyuko ambao hujawahi kuuona maishani, unakuuliza utaendaje na kwa nini. Aliyekariri mia moja atakutana na wa mia moja na moja.

Nimekaa na wanafunzi wa ngazi hii muda mrefu, na nikiulizwa waanzie wapi, jibu langu ni lile lile. Kila mmenyuko uulize maswali mawili: unakwenda kwa kasi gani, na unaishia wapi? Swali la kwanza ndiyo mada ya kasi ya mmenyuko. La pili ndiyo mada ya msawazo. Na kemia ya ogania, yaani ya kampaundi za kaboni, ile inayowatisha wengi, ni uwanja ambao maswali hayo mawili yanafanya kazi kila siku. Ukizisoma kama mada tatu zenye madaftari matatu yasiyosalimiana, utachoka mara tatu na utaelewa nusu.

Chukua utengenezaji wa amonia kutoka naitrojeni na haidrojeni. Mmenyuko huu unatoa joto, kwa hiyo halijoto ikiwa chini, amonia inayopatikana kwenye msawazo ni nyingi zaidi. Mwanafunzi akiishia hapo atasema kiwanda kifanye kazi kwenye baridi. Lakini kwenye baridi naitrojeni haishughuliki, kwa sababu kifungo chake cha mara tatu ni kigumu kuvunja, na utasubiri mpaka uzeeke. Ndiyo maana viwanda vinatumia nyuzi 400 hadi 450 hivi, kanieneo ya atimosfia 200 hivi, na kichocheo cha chuma, vikikubali mavuno madogo kila gesi inapopita mara moja, kisha vinaondoa amonia na kuirudisha gesi iliyobaki ndani. Fritz Haber alionyesha maabara mwaka 1909 kwamba inawezekana, na kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi mwaka 1913. Ukiweza kueleza kila namba katika aya hii ni jibu la swali la kasi au la kikomo, umeshaelewa sehemu kubwa ya mada mbili. Kichocheo, kwa mfano, ni cha kasi tu. Hakiongezi hata chembe moja ya amonia kwenye msawazo, maana kinaharakisha kwenda na kurudi kwa kiasi kile kile. Swali hilo linarudi kwenye mitihani kwa sura nyingi, na kila mwaka linaangusha watu.

Sasa kasi. Mada hii ijifunzeni maabara kwanza, kabla ya fomula. Jaribio lenyewe mnalijua: sodiamu thayosalfeti na asidi hidrokloriki, bika juu ya karatasi yenye alama ya X, unatazama kwa juu na saa mkononi mpaka salfa iliyotanda ifiche ile X. Wengi hulifanya kama amri ya mpishi, changanya hiki na kile, andika muda, chora grafu. Simameni mjiulize. Kwa nini tukipunguza thayosalfeti tunaongeza maji ili ujazo wote ubaki uleule? Kwa sababu ukiacha ujazo upungue, kina cha mchanganyiko kwenye bika kinapungua, unaitazama X kupitia tabaka jembamba, na salfa inayohitajika kuificha inakuwa tofauti. Pia ujazo ukibaki uleule, ukolezi unalingana moja kwa moja na ujazo wa thayosalfeti uliomimina, na grafu inakuwa rahisi. Na kwa nini tunachora 1/t badala ya t? Kwa sababu X inafichika pale kiasi kilekile cha salfa kinapokuwa kimetoka kila safari, hivyo kasi ya wastani inawiana na moja gawanya kwa muda. Anayejua hayo, hata mtihani ukibadilisha bika na namba, hatababaika. Mtu mmoja afanye kazi ya kutazama kutoka mwanzo hadi mwisho, maana macho ya watu wawili hayaachii X kwa wakati mmoja. Fungueni madirisha, gesi inayotoka ni salfa dayoksaidi na inawaumiza wenye pumu. Mwageni mchanganyiko mara tu mkimaliza, salfa ikigandia kwenye bika ni taabu kuitoa.

Kuna shule ambako kemikali zinaonekana wiki chache tu kabla ya mtihani wa vitendo. Kama ndiyo hali yako, usikae kungoja. Chukua matokeo yaliyotolewa kwenye mitihani iliyopita, chora grafu kwa mkono, na kwa kila hatua jiulize mwenye kufanya jaribio aliona nini na alishika nini mkononi. Si sawa na kugusa, lakini ni bora mara nyingi kuliko kusubiri.

Kwenye hesabu za kasi, alama nyingi zinapotea kwenye vizio. Tuseme kasi imezidi mara mbili halijoto ilipopanda kutoka 298 K hadi 308 K, na unatafuta nishati inayohitajika kuanzisha mmenyuko. Logi asilia ya 2 ni 0.693. Zidisha kwa 8.314, ile namba isiyobadilika ya gesi (R), kisha gawanya kwa tofauti ya 1/298 na 1/308, ambayo ni kama 0.000109. Utapata karibu 53,000, na hizo ni joule kwa moli, yaani kilojoule 53. Ukiandika kilojoule 53,000 umekosa, na ukitumia nyuzi 25 na 35 bila kugeuza kuwa kelvini umekosa kabisa. Jizoeshe kuangalia kama jibu lina akili: mimenyuko mingi mtakayokutana nayo darasani ina makumi ya kilojoule mpaka mia moja na kitu. Ukipata 0.05 au milioni tano, rudi nyuma.

Oda ya mmenyuko, yaani jinsi kasi inavyotegemea ukolezi wa vitendanishi, nayo haisomwi kwenye mlinganyo uliosawazishwa. Inatoka kwenye majaribio tu. Liandike hilo ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Msawazo una mtego mmoja mkubwa: watu wanadhani msawazo maana yake pande mbili zina kiasi sawa. Fikiria vivuko kati ya Magogoni, upande wa mjini Dar es Salaam, na Kigamboni ng'ambo ya pili. Saa moja inaweza kupita watu wanaovuka kwenda na wanaovuka kurudi wakawa idadi moja, na idadi ya watu kila upande isibadilike, ingawa waliopo mjini ni wengi kuliko waliopo Kigamboni. Kinacholingana ni kasi ya kwenda na kurudi. Uwiano wa pande hizo mbili unaamuliwa na K, yaani namba ya msawazo, na K inabadilishwa na halijoto peke yake.

Kanuni ya Le Chatelier msiifanye uganga. "Mfumo utapinga badiliko" ni sentensi nzuri lakini inawapoteza watu pale gesi isiyoshiriki inapoongezwa ndani ya chombo chenye ujazo usiobadilika, au pale kitu kigumu kinapoongezwa. Kwenye hali zote mbili msawazo hausogei. Njia ya uhakika ni kukokotoa uwiano wa mazao kwa vitendanishi ulivyo sasa, tuuite Q, na kuulinganisha na K. Q ikiwa ndogo, mmenyuko unakwenda mbele. Ikiwa kubwa, unarudi. Mnaweza kuliona hili kwa macho: myeyusho wa kromati wa manjano ukitiwa asidi unageuka wa rangi ya chungwa, ukitiwa besi unarudi manjano. Fanyeni mara mbili tatu, huku mkiandika mlinganyo pembeni, na mnawe mikono baadaye kwa sababu kromati ni sumu.

Hapa naomba tukae kidogo kwenye esta, kampaundi inayotokana na asidi ya ogania na alkoholi, kwa sababu ndipo mada zote tatu zinapokutana. Moli 1 ya asidi ethanoiki na moli 1 ya ethanoli, na K ni takriban 4. Tuite x moli za esta zitakazopatikana. Maji nayo ni x, asidi na ethanoli zinabaki 1 toa x kila moja. Mraba wa x gawanya kwa mraba wa (1 − x) ni 4. Chukua kipeuo cha pili pande zote, x ni theluthi mbili. Yaani hata ukisubiri mwaka mzima, theluthi moja ya asidi itabaki. Sasa weka moli 2 za ethanoli badala ya 1. Mlinganyo unakuwa 3x² − 12x + 8 = 0, na unatoa majibu mawili: 3.15 na 0.845. La kwanza haliwezekani, huwezi kupata moli tatu za esta kutoka moli moja ya asidi. La pili linakuambia umepanda kutoka asilimia 67 hadi karibu 85 kwa kuongeza tu kitu cha bei rahisi. K haikuguswa. Na asidi salfuriki unayodondosha ndani? Bila hiyo ungesubiri siku nyingi, nayo inakufikisha kwenye msawazo mapema. Swali la kasi na swali la kikomo, chupa moja.

Kemia ya ogania sasa. Watu wanaiogopa kwa sababu ya wingi, na wanaishambulia kwa kukariri usiku kucha. Kupiga msuli ni lazima, lakini piga msuli mahali panapolipa. Elektroni ndizo za kufuatilia: ziko wapi kwa wingi, wapi zimepungua, na mshale unatoka wapi kwenda wapi. Mshale siku zote unaanzia kwenye elektroni. Propini (propene) ikikutana na HBr, bromini inakaa kaboni ya katikati. Mkemia Mrusi Markovnikov aliona utaratibu huu tangu karne ya 19, lakini sababu yake ni ya kasi: njia inayopitia ioni chanya ya daraja la pili (kaboni yenye chaji imeshikana na kaboni mbili) ni ya nishati ndogo kuliko ile inayopitia ya daraja la kwanza (imeshikana na moja), kwa hiyo inakwenda haraka zaidi na inatoa zao kubwa.

Vilevile bromometheni (CH₃Br) na sodiamu haidroksaidi: zidisha haidroksaidi mara mbili, kasi inazidi mara mbili. Kwa 2-bromo-2-methilipropeni, (CH₃)₃CBr, zidisha haidroksaidi, kasi haijali. Hapo kasi inakufunulia siri ya ndani. Kwenye wa pili, hatua ya polepole ni bromini kuondoka yenyewe, na haidroksaidi inakuja baadaye kazi ngumu ikiwa imeshaisha. Hamkuona molekuli hata moja, lakini saa na ukolezi vimewaambia ilivyotokea. Mimi naona hii ni sehemu nzuri kuliko zote katika silabasi nzima, na inanisikitisha inapofundishwa kama jedwali la kukariri.

Zoezi ninalolipenda ni kuchukua molekuli halisi na kuisoma kipande kwa kipande. Chukua yujenoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ya Unguja na Pemba. Fomula yake ni C₁₀H₁₂O₂. Ina kundi la OH lililoshikamana na pete ya benzini, kwa hiyo ni fenoli: inayeyuka kwenye sodiamu haidroksaidi, lakini haitoi mapovu ya kaboni dayoksaidi kwenye sodiamu haidrojeni kaboneti, maana uasidi wake ni dhaifu mno. Ina kifungo cha mara mbili kwenye mkia, kwa hiyo inaondoa rangi ya maji ya bromini. Ina kundi la etha, nalo limetulia, haligombani na mtu. Fanya hivyo na molekuli moja kila siku, iwe asprini, vanilini au asidi ya limau, na baada ya wiki kadhaa maswali ya "tambua kampaundi P" yatakuwa mepesi.

Ramani ya mimenyuko ni lazima, ila ichore mwenyewe, kwa kichwa, kwenye karatasi tupu. Weka ethanoli katikati. Kutoka hapo nenda ethini (ethene) kwa asidi salfuriki iliyokolea kwenye nyuzi 170, nenda etha kwenye nyuzi 140, nenda ethanali na asidi ethanoiki kwa dikromati iliyotiwa asidi. Usiandike kitendanishi bila masharti yake. Ukitaka ethanali uitoe kwa kukeneka mara inapotengenezwa, ukiiacha ndani itaendelea mpaka asidi. Ramani ya rafiki uliyopiga picha kwenye simu haitakufaa.

Kwa utaratibu wa wiki, siku zile za mwanzo za Julai rudini kwenye moli na logi kabla ya kitu kingine chochote, hata kama mwalimu ameshasonga. Asiye imara kwenye moli atateseka kwenye msawazo, na asiye imara kwenye logi atateseka kwenye kasi na kwenye pH. Diskasheni ziwe za watu watatu au wanne, na anayeeleza ubaoni awe yule ambaye hajaelewa vizuri, wenzake wamsahihishe kwa upole. Pepa za zamani zianzeni mapema, mada ikiisha tu, na mzisahihishe kwa ukali: kizio kikikosekana, toa alama, mshale ukianzia kwenye ioni chanya, toa alama. Na swali lolote la mmenyuko, kabla ya kuandika neno, andikeni pembezoni kwa penseli: kasi, kikomo, au vyote viwili?