Siku Saa Yangu Ilipohesabu Hatua Badala ya Moyo

Alfajiri moja ya msimu wa kaskazi, nikikimbia polepole kando ya bahari pale Mama Ngina, Mombasa, niliitupia jicho saa yangu nikakuta imeandika kwamba moyo wangu unapiga mara 168 kwa dakika. Nina umri wa miaka 55, na kwa ile hesabu ya kukisia ya kutoa umri katika 220, kilele changu cha mapigo hakipiti 165. Yaani nilikuwa nimeshavuka mpaka, ilhali bado niliweza kuitikia salamu za kila mzee niliyepishana naye bila kutweta. Nikasimama papo hapo chini ya mbuyu, nikaweka vidole viwili kwenye mshipa ulio chini ya kidole gumba na kuhesabu kwa sekunde 15. Nilipata mapigo 33, sawa na 132 kwa dakika. Ile 168 ilikuwa idadi ya nyayo zangu zikigonga lami.

Tangu siku hiyo humwambia kila anayenunua saa ya mazoezi aigeuze kwanza atazame mgongo wake. Ataona vitaa vya kijani, na kando yake kijidirisha cheusi chenye kihisi cha mwanga. Damu, kwa kuwa ni nyekundu, hufyonza sana mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, wimbi la damu hufika kwenye mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, na mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kidogo; wimbi likipita, mwanga huongezeka tena. Saa huyahesabu mawimbi hayo. Tatizo ni kwamba mkono unaporushwa mbele na nyuma, damu nayo husukwasukwa na saa yenyewe huteleza, na badiliko la mwanga linalotokana na mtikiso huo laweza kuwa kubwa kuliko lile la moyo. Programu hujaribu kuuondoa mtikiso kwa msaada wa kihisi cha mwendo, lakini hatua zikiwa na mdundo ulionyooka, hutokea ikaushika mdundo usio wake, kama mtu aliyekwenda kusikiliza zumari akaishia kuifuata ngoma.

Kosa langu lilikuwa kuivaa saa kama bangili. Unapokimbia, ipandishe upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, uikaze isiteleze wala isiingize mwanga wa nje, kisha ukimaliza uilegeze na kuifuta, kwa maana jasho la hapa kwetu likikaa chini ya mpira huleta vipele. Rangi pia ina neno lake. Mke wangu alirudi kutoka harusini amechorwa piko hadi juu ya kifundo, na kwa siku kadhaa saa yake ikawa inaonyesha vistari vitupu, kwa sababu wino mweusi huumeza mwanga kabla haujaifikia damu. Chale za wino huweza kufanya vivyo hivyo. Ngozi nyeusi nayo hufyonza sehemu ya mwanga huo, na ndiyo sababu saa nyingi huongeza nguvu ya vitaa zenyewe.

Baridi hubana mishipa ya ngozi na kuidhoofisha ishara. Hilo si shida yetu sisi wa Mombasa. Yetu ni joto. Ukikimbia saa tano mchana, moyo hupiga kasi zaidi kwa mwendo uleule kwa sababu unapeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Hapo usiitukane saa, imesema kweli.

Kwa mbio za kasi za kukatizakatiza, au kunyanyua vyuma ambako kukaza ngumi huvuruga damu ya kifundoni, afadhali mkanda wa kifuani. Huo hunasa umeme wa moyo wenyewe, na haukuanza leo: kampuni ya Polar ya Finland ilitoa wa kwanza usio na waya mwaka 1982. Uloweshe kwa maji kabla ya kuuvaa, la sivyo dakika za mwanzo utasoma mambo ya ajabu.

Saa ya mkononi mimi huiamini zaidi nikiwa nimetulia, hasa usiku nikilala, na hulinganisha namba zangu na zangu za wiki iliyopita, si na za mwingine. Hata hivyo, jirani yangu alinijia jioni moja akaniambia, "Bwana, saa yasema niko sawa, mbona kichwa chanizunguka?" Nilimwambia avae viatu twende zahanati. Muuguzi alipomfunga kile kitambaa cha kupimia presha, ilisoma 190 kwa 110, presha ya juu mno, na saa kwenye mkono wake wa pili bado ilionyesha mapigo 78, nayo ilikuwa sahihi, maana yenyewe ilihesabu mapigo, si presha.