Vijana Waliniamkia Shikamoo, Kazi Wakaninyima

SWALI: Dada, habari za kazi. Nina miaka 52. Nilikuwa mtunza ghala na baadaye msimamizi wa ghala kwenye kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, hadi walipopunguza wafanyakazi mwaka jana. Tangu hapo natuma maombi tu. Majuzi niliitwa kwenye usaili na kampuni inayosambaza vinywaji. Ile naingia, vijana watatu wakasimama: "Shikamoo mzee." Nikavutiwa kiti, nikaletewa maji. Maswali yalikuwa mawili matatu, kisha mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee wetu, hii kazi ina mikikimikiki, sisi tulikuwa tunatafuta kijana kidogo." Tangazo lao ninalo kwenye simu, limeandikwa "umri miaka 25 hadi 35". Mke wangu anasema nipunguze umri kwenye CV. Nifanyeje? Na sheria inasemaje?
Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka, nianze na la shemeji yangu. Usipunguze umri. Chukua kitambulisho chako cha NIDA usome tarakimu nane za mwanzo za namba: mwaka, mwezi na tarehe uliyozaliwa. Afisa utumishi yeyote akiomba namba hiyo, iwe ya kufungua faili au ya kukuandikisha NSSF, ameshakujua. Na hapo hutanyimwa kazi kwa uzee, utanyimwa kwa uongo, na huna pa kulalamika.

Unachoweza kufanya, na hakuna ubaya wowote, ni kutoandika tarehe ya kuzaliwa kwenye CV kama hawakuiomba, na kutoorodhesha kila kazi tangu ulipomaliza kidato cha nne. Miaka 15 ya mwisho inatosha. Nimekaa upande wa pili wa ile meza muda mrefu, viwanda vya Barabara ya Nyerere, na ninakuhakikishia hakuna anayefika ukurasa wa nne wa CV ya mtu.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na imetaja sababu zenyewe: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na nyinginezo. Umri umo. Wengi wanadhani kifungu hicho kinamlinda aliyekwisha kuajiriwa peke yake. Hapana. Kifungu chenyewe kinasema mfanyakazi ni pamoja na anayeomba kazi, na kinagusa hadi matangazo ya kazi na vigezo vya kuchagua watu. Kwa hiyo lile tangazo lililo kwenye simu yako ni ushahidi. Usilifute, tena mtumie mwanao nakala, maana simu zinaibwa.

Mwajiri anayo njia ya kujitetea: anaweza kusema umri huo ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Lakini ukishaonyesha dalili za awali kwamba ulibaguliwa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake. Atueleze basi, kusimamia ghala la soda kunashindikanaje mtu akifika miaka 36? Anayebeba kreti ni kuli na foklifti. Msimamizi anabeba leja.

Malalamiko unayapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoita CMA, kwa fomu namba moja. Kwa mgogoro wa namba hii una siku 60 tangu jambo litokee. (Zile siku 30 unazosikia watu wakizitaja ni za kuachishwa kazi isivyo halali.) Wanaanza na usuluhishi, mnakaa mezani na mwajiri mbele ya msuluhishi. Je, nakushauri uende? Kama unachotaka ni kile kiti walichokunyima, sikutii moyo sana, kwa sababu hata ukishinda, kampuni iliyofikishwa Tume na mtu kabla hajaanza kazi haitampokea kwa vigelegele. Kama unataka waache kuandika matangazo ya hivyo na wakulipe kwa walichokufanyia, nenda, na uende mapema.

Nawe usishangae ukiona hata Serikali ina mstari wake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini serikalini tayari. Mimi nauona mkono wa pensheni hapo: lazima ustaafu ukiwa na 60, na pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60 uone. Naielewa hesabu, ingawa siipendi, maana waajiri binafsi wameuiga ukomo huo bila kuwa na sababu hiyo, kisha wakaushusha hadi 35. Kwa vyovyote vile, muda wako usiumalizie kwenye maombi ya huko.

Hiyo miezi 180 ikuhusu na wewe pia. Kabla hujatuma ombi jingine, nenda NSSF ukachukue taarifa ya michango yako. Kama umeshapita 180, ukifika miaka 55 unaweza kuomba pensheni kwa hiari, na miaka mitatu iliyobaki utaitafuta kazi bila kuhema. Kama umepungukiwa miezi kadhaa, basi kazi ndogo yenye michango ina thamani kwako kuliko yenye mshahara mnono isiyo na NSSF. Hili wanaume wa umri wenu hawapendi kulisikia. Mtu aliyekuwa msimamizi anaona aibu kurudi kuwa mtunza stoo. Aibu hiyo, kaka, hailipi ada ya mtoto. Ukikuta mwajiri wako wa zamani aliruka miezi, mdai, na kama hakukupa cheti cha utumishi ulipoondoka, kidai nacho; ni haki yako kisheria.

Turudi kwenye ile shikamoo, kwa sababu nadhani usaili ulikufia pale. Wale vijana hawakuwa na dharau, wamelelewa vizuri. Tatizo lao ni kwamba mtu waliyemwamkia hawajui watamwagizaje kesho. Atakapochelewesha ripoti, nani atamfokea mzee? Hofu hiyo hawaisemi, wanasema "mikikimikiki". Wewe ndiye wa kuitoa. Itikia marahaba yako kwa furaha, kaa, kisha uulize mapema, "Nikianza kazi, bosi wangu atakuwa nani kati yenu?" Akijitaja, mwambie, "Basi nikikosea uniambie papo hapo, kazini wewe ndiye mkubwa." Nimewahi kumwona mama mmoja, mpishi wa kantini, akisema maneno ya namna hiyo mbele ya jopo la vijana watupu. Mabega yao yalishuka, wakaanza kumuuliza habari za mapishi.

Hofu ya pili ni kompyuta. Usiandike "ninajua kompyuta", kila mtu anaandika hivyo. Andika kwamba umetunza hesabu za bidhaa kwenye Excel au Tally, kama kweli umefanya. Kama hukufanya, tafuta kozi fupi jioni, hata kwa kijana wa mtaani kwako anayeijua, ujifunze mpaka uweze kutoa ripoti ya mali iliyobaki bila kumwita mtu. Ya tatu ni mshahara: wanadhani utataka kikubwa. Wakikuuliza, taja kiwango cha kazi hiyo sokoni. Habari za ulichokuwa unalipwa kiwandani waachie.

Halafu badilisha unakobisha hodi. Kampuni zenye matangazo ya kurembwa zinapokea mafurushi ya maombi, na namna rahisi ya kuyapunguza ni kukata kwa umri. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo au Chang'ombe hana tangazo. Ana ghala ambalo kila mwezi linapungua katoni na hajui zinaenda wapi, na shemeji yake ndiye mwenye funguo. Huyo anatafuta mtu mzima. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, umwambie kwa kifupi: mlikuwa mnahesabu mali mara ngapi, upotevu ulikuwa kiasi gani ulipoanza na kiasi gani ulipoondoka, bidhaa za zamani mlizitoaje kabla hazijaharibika. Kubali kipindi cha majaribio, ila kwa maandishi na NSSF ikiwemo. Ukisikia "tutaona mbele ya safari", mshukuru, uende duka la pili.

SWALI: Nina miaka 47, nimefanya kazi ya mapokezi hotelini kwa miaka mingi. Meneja mpya aliniambia nafasi niliyoiomba wanataka "sura changa". Kuna sheria Kenya?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ipo, dadangu. Katiba ya 2010, Ibara ya 27, imetaja umri miongoni mwa mambo ambayo Serikali haiwezi kumbagua mtu kwayo, na inaendelea kumkataza mtu yeyote, hata hoteli binafsi, kubagua kwa misingi hiyo hiyo. Unaweza kulalamika kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na kesi ikibidi, ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Shida yako ni ushahidi, kwa kuwa maneno yale yalisemwa mkiwa wawili. Mwandikie meneja barua pepe ya adabu: mshukuru kwa mazungumzo ya tarehe fulani, kisha uulize kama ulivyoelewa ndivyo, kwamba nafasi hiyo ni ya mwenye sura changa. Akijibu ndiyo, umepata. Akijibu kwamba hakusema hivyo, muulize basi ni kigezo gani ulichokikosa, na umpe wiki moja.