Maua yameteremka mbele ya maharusi: gundi ni feki?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nafanya mapambo ya sherehe hapa Kirumba, Mwanza. Juzi tulipamba uwanja wa wazi kando ya ziwa. Maua ya kitambaa niliyabandika kwenye tao la chuma jeusi kwa gundi ya moto, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa bunduki ya umeme. Asubuhi yalikaa vizuri, kufika saa nane mchana yakaanza kuteremka, mengine yakadondoka mbele ya maharusi. Niliuziwa vijiti feki? Na mume wangu anauliza kama gundi hii inaziba ndoo na mtumbwi.

JIBU: Pole dada. Feki sidhani. Gundi hii haikauki kama gundi ya mbao. Inayeyuka, inapoa, basi. Ni plastiki tu, kwa hiyo joto likirudi nayo inalainika tena. Vijiti vingi vya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na vikibeba uzito huteremka polepole hata kabla ya hapo. Utasema Mwanza haifiki 60. Hewa haifiki, lakini hebu shika chuma cheusi kilichoshinda juani.

Ila usilisingizie jua peke yake. Chukua ua lililodondoka, litazame mgongoni. Ukikuta donge zima la gundi, laini na linang'aa, limeacha chuma kikavu, basi hapo haikushika tangu asubuhi. Ukikuta imevutika nyuzinyuzi, nyingine imebaki kwenye chuma, hilo ndilo joto. Nakisia utakuta ya aina zote mbili, maana chuma cha asubuhi ni baridi na upepo wa ziwa unapuliza: tone linaganda juu juu kabla halijajipenyeza popote. Gundi hii hushika kwa kung'ang'ania vinyweleo na mikwaruzo, na chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa hakina hata kimoja.

Ukilazimika kubandika kwenye chuma, kikwaruze kwa msasa, kifute kwa spiriti, kipashe kwa draya ya nywele, halafu bandika ndani ya sekunde chache. Acha bunduki ipate moto dakika tano kamili. Ukiona unaminya kwa nguvu, bado. Tone likikurukia kidoleni usilibandue, weka kidole kwenye maji yanayotiririka dakika 20. Bunduki ya moto mkali hufika nyuzi 190, si mchezo.

Mimi lakini nisingebandika kwenye chuma kabisa. Livishe tao kitambaa kwanza, ukizungushe na kukifunga kwa kamba, kisha maua makubwa yafunge kwa waya mwembamba. Gundi ibaki kwa majani, riboni na vitu vyepesi, hapo kwenye kitambaa inakozama vizuri. Faida nyingine: Jumamosi ijayo unavua kitambaa kizima na maua yake, hukwangui. Na ukitaka kubandua donge kwenye kitu kigumu, lidondoshee spiriti pembeni, subiri kidogo, litaachia lenyewe.

Sasa swali la bwana. Ndoo, hapana. Plastiki ya ndoo inateleza kama imepakwa nta. Gundi itakaa siku mbili kisha itabanduka kama gamba. Ampelekee fundi wa sokoni anayeyeyusha kiraka cha plastiki ileile kwa chuma cha moto, hapo plastiki na plastiki zinakuwa kitu kimoja.

Mtumbwi ndiyo kabisa asijaribu. Mbao zenye unyevu hazishiki gundi hii, na hata zikikauka, zikirudi majini zinavimba, juani zinasinyaa, gundi inabaki imening'inia. Aende mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, akawaone mafundi wa kalafati, wanaoziba nyufa za mitumbwi kwa pamba na nyundo zao. Bunduki aiache nyumbani, una oda ya Jumamosi.