Chumba Huzunguka Kama Pia Ninapojigeuza Kitandani

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tanga, mwenye umri wa miaka 61. Tangu mwezi uliopita, kila ninapojigeuzia upande wa kulia kitandani, chumba chote huzunguka kama pia kwa muda usiofika dakika moja, nami hulazimika kung'ang'ania ubao wa kitanda. Hali hiyo hunijia pia ninaposujudu na ninapotazama juu kutoa kitu kabatini. Nimepimwa presha, damu na malaria, vyote ni salama. Vidonge vya kizunguzungu nilivyopewa vinanilaza tu, na jirani ananihimiza niende kwa mganga kwa kuwa haya ni mambo ya majini. Ni maradhi gani haya, na je, yanatibika?

JIBU: Mwalimu, umeyaeleza maradhi yako vizuri kiasi cha kumpunguzia daktari nusu ya kazi. Kizunguzungu cha presha iliyoshuka au cha upungufu wa damu humfanya mtu aone giza na kuishiwa nguvu anaposimama. Chako ni cha kuzunguka hasa, huletwa na mkao wa kichwa, tena hukoma upesi. Dalili hizo zinaelekeza kwenye sikio la ndani.

Humo ndani, mbali na sehemu ya kusikia, mna chembe ndogo mno za chokaa zilizonata juu ya utando laini, na uzito wake ndio unaoujulisha ubongo chini ni wapi. Kando yake ipo mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, ambayo kazi yake ni kuhisi kichwa kinapogeuka. Kwa sababu ya umri, au baada ya kugongwa kichwani, baadhi ya chembe hubanduka na kuteleza hadi ndani ya mfereji, mara nyingi ule wa nyuma. Basi unapojilaza upande wa sikio lililoathirika, chembe hizo huporomoka na kuyasukuma majimaji, na sikio hilo huuarifu ubongo kwamba unazunguka, ilhali sikio la pili na macho vinakana. Zikishatulia chini, nawe unatulia. Robert Bárány, daktari mzaliwa wa Vienna, alikieleza kizunguzungu cha namna hii mwaka 1921, na bado wagonjwa wengi hutibiwa presha wasiyokuwa nayo.

Vidonge ulivyopewa hupunguza kichefuchefu, lakini hakuna kidonge kinachoweza kuzitoa chembe ndani ya mfereji, na sioni faida ya mtu wa umri wako kuvimeza kwa miezi huku akisinzia na kuyumba. Mwone daktari wa masikio, pua na koo. Atakuketisha, akigeuze kichwa chako nyuzi 45, kisha akulaze kwa haraka huku kichwa kikining'inia kidogo ukingoni mwa kitanda, akiyatazama macho yako yanavyochezacheza. Kipimo hicho hakihitaji mashine yoyote. Akiridhika, atakigeuza kichwa taratibu kuelekea upande wa pili, mwili ukifuata mpaka uso uelekee sakafuni, ndipo akuketishe. Kila hatua huchukua kama nusu dakika au zaidi, hadi mzunguko ukome. Njia hii, iliyobuniwa na John Epley wa Marekani, huzirudisha chembe mahali zisipoleta bughudha, na wengi hupata nafuu baada ya kufanyiwa mara moja au chache. Usianze kuijaribu peke yako kabla upande na mfereji havijajulikana, hasa ikiwa shingo yako ina matatizo. Pia usishangae hali hii ikirudi baada ya miezi au miaka, kwa kuwa hutibiwa vilevile.

Kwa sasa, ukiamka keti kwanza ukingoni mwa kitanda, acha taa ndogo ikiwaka usiku, na usipande kiti kufikia kabati. Kuhusu sujudu, mgonjwa ana ruhusa ya kusali kwa kuketi na kuashiria, na masheikh watakufafanulia vyema kuliko mimi. Jirani yako anakutakia heri, ila kiharusi nacho kinaweza kuanza kwa kizunguzungu: ukiona mdomo umepinda, maneno hayatamkiki, mkono umelegea au huwezi kabisa kutembea, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Kizunguzungu changu hudumu saa mbili au tatu na kutapika, huku sikio la kushoto likijaa na kuvuma, na usikivu wake unapungua. Je, nami nigeuzwe kichwa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, ndugu yangu, haitakusaidia. Dalili zako zinafanana na za maradhi yenye jina la Prosper Ménière, aliyeyaeleza mjini Paris mwaka 1861, ambayo huhusishwa na majimaji ya sikio la ndani kuzidi. Unahitaji kupimwa usikivu mapema. Madaktari wengi hushauri kupunguza chumvi, na baadhi huandika dawa ya betahistini. Kuanzia leo andika daftarini tarehe ya kila shambulio, muda wake na kama sikio lilivuma kabla, kisha uende nalo kliniki.