Mbeba boksi na kiboksi cha kutiki

Shikamoo baba mdogo, shikamooni wakubwa wote wa grupu la ukoo. Voisi ya jana nimeisikiliza mara tatu nikiwa kwenye basi natoka naiti, na hiyo mara ya tatu nikajikuta nimekasirika kweli, kwa hiyo naomba mnisamehe kabla sijaanza. Baba mdogo umesema kiwanja cha Goba kinauzwa ili mdogo wangu aje Uingereza Septemba asome masta, maana "ukimaliza wanakupa miaka miwili na kazi, si unamuona kaka yako yuko benki."

Siko benki. Sijawahi kuwa benki. Nani aliianzisha hiyo habari sijui, ila ile picha ya suti niliyoiweka siku ya mahafali watu wakaanza "hongera bosi", mimi nikaweka emoji ya kucheka nikanyamaza, basi ikawa hivyo.

Niko kwenye ghala moja nje ya Leicester, nabeba boksi. Na sio kwa ule utani wenu wa "wabeba boksi wa majuu", ni boksi boksi. Nina skana imefungwa mkononi inaniambia rafu gani, mstari gani, vipande vingapi, na inahesabu sekunde, nikizubaa anakuja kijana wa miaka kama 20 na tableti yake ananiuliza kulikoni. Juzi zamu nzima nimepakia chakula cha paka. Mimi niliyekuwa afisa mikopo nina ofisi na feni yangu. Ni kazi halali wala siionei aibu... hapana, naionea, kidogo. Ila hela ya dawa za bibi inatoka humo humo, hilo nalo mlijue.

Tuje kwenye hiyo "wanakupa miaka miwili". Hawakupi, unanunua. Desemba 2024 nililipa pauni 822 za viza ya Graduate, ile ya kubaki baada ya kumaliza chuo, na pauni 2,070 za huduma ya afya, jumla kwa kipindi kile kama milioni tisa za kwetu, na nilichonunua ni ruhusa ya kutafuta kazi. Kazi yenyewe utajijua. Na hiyo miaka miwili wameshaikata, atakayeomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 anapewa miezi 18, sasa wewe mdogo wangu ukianza Septemba hii unamaliza 2027, piga hesabu. Shemeji naye nasikia ameshanunua koti. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida ya darasani haji na mke wala mtoto, mwambieni mapema asije akalia uwanja wa ndege.

Lakini vyote hivyo mtu anaweza kuvumilia, baridi utanunua soksi. Kinachoniua mimi ni kiboksi kimoja. Kila fomu ya kazi, ukishajaza jina, shule, kazi za nyuma, kuna swali linakaa pale chini kama halina maana: je, sasa au baadaye utahitaji mwajiri akusponsi viza? Yaani akudhamini kwa serikali ili upewe viza ya kazi. Ndiyo au hapana, weka tiki. Kuna usiku niko brekini saa nane nikatuma ombi, nikatiki ndiyo, nikaenda kuchemsha maji ya chai, kurudi imeili ishafika, "tunasikitika kukujulisha". Dakika nne! Saa nane za usiku nani amekaa macho anasoma sivii yangu? Hakuna mtu, ni kile kiboksi.

Nikasema basi nami nitakuwa mjanja. Nikaanza kutiki hapana. Nikapita usaili wa kwanza, wa pili, wa tatu mama mmoja mpole kweli akaniuliza kwa mdomo, na mimi kumdanganya mtu usoni siwezi, nikamwambia viza yangu ina mwisho. Akafunga daftari taratibu, akaniuliza kama nahitaji maji ya kunywa. Nikanywa yale maji nikatoka.

Halafu kuna ile ya Nottingham, sijawahi kumsimulia mtu. Juni 2025 kampuni moja ndogo ilinipenda, kazi ya uchambuzi wa mikopo, kitu nilichokifanya miaka minne Dar, mshahara pauni 31,500 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara ambacho serikali inataka mhitimu mpya alipwe ili asponsiwe wakati huo kilikuwa pauni 30,960, kwa hiyo nimepita, nikaanza hadi kuangalia vyumba vya kupanga kule. Wao wakawa wanajadiliana, mara bosi yuko likizo, mara mwanasheria hajajibu. Tarehe 22 Julai serikali ikapandisha kima kuwa pauni 33,400. Nimekosa kazi kwa pauni 1,900, kwa mwaka jamani, sio kwa mwezi. Wakasema hawawezi kunilipa zaidi ya wenzangu watakaokaa meza moja na mimi, na wala siwalaumu, mimi ningekuwa bosi ningesema hivyo hivyo. Usiku ule nilienda ghalani kama kawaida.

Na msiseme "si wakusponsi hapo hapo ghalani". Kazi ya ghala haimo kabisa kwenye zinazosponsiwa, na hata ingekuwemo, nikipiga masaa 40 kila wiki mwaka mzima bila kuugua napata kama pauni 25,400 kabla ya kodi.

Kwa hiyo mdogo wangu, usije. Ila nakujua, utakuja, una kichwa kigumu kama babu, basi ukija usifanye kama mimi. Nilifika Septemba 2023 nikasema nisome kwanza, kazi baadaye, kumbe masta ya huku ni mwaka mmoja tu na makampuni makubwa yanafungua nafasi za wahitimu Septemba hiyo hiyo kwa watu watakaoanza mwaka unaofuata. Wiki unayotafuta blanketi linauzwa wapi ndiyo wiki ya kutuma maombi. Ukipata kampuni kabla viza ya mwanafunzi haijaisha, hamia moja kwa moja, usipitie Graduate kama haulazimiki, kwa sababu mtu anayetoka kwenye viza ya mwanafunzi kampuni haimlipii ile tozo ya ujuzi, hela ambayo serikali inamtoza mwajiri kwa kusponsi mgeni, anayetoka Graduate inamlipia, na kwa kampuni kubwa sasa ni pauni 1,320 kila mwaka. Mimi niliikimbilia Graduate kama ofa. Na miezi ya Graduate inakula ndani ya ile miaka minne ya kuhesabiwa mhitimu mpya, mwenye kile kima nafuu, halafu kwenye kuhesabu miaka ya ukaazi wa kudumu kwa njia ya viza ya kazi haimo.

Orodha ya kampuni zenye leseni ya kusponsi iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, usimpe dalali hata senti. Ukiona mtu anakuuzia barua ya kazi, kimbia.

Na kama unachotaka ni kusoma tu, jaribu Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, wanalipa kila kitu ila lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili. Zamani nikilisoma lile sharti naliona kama adhabu, siku hizi silioni hivyo.

Kuna waliofanikiwa, nisiwe mchoyo. Jamaa yangu wa Mwanza tulisoma wote, kapata kampuni inayomsponsi, ana furaha, ana hadi gari. Aliomba kazi tangu mwezi wa kwanza wa masomo, lakini pia alikuwa na bahati, mwenyewe anakubali. Bahati siwezi kukufundisha.

Baba mdogo, kiwanja cha Goba kisiuzwe kwa ajili ya viza. Nimesema kwa heshima zote. Kama ni lazima, mpe nusu ya hela afungue kitu, nusu... hapana, msiuze kabisa.

Viza yangu inaisha Desemba hii, nina miezi kumi, na bado natuma maombi, jana mawili, natiki ndiyo. Mama bado anaamini habari ya benki, alishaisema hadi kwenye jumuiya, kwa hiyo hii meseji naomba msimsomee. Nitampigia mwenyewe Jumapili mchana, Jumamosi niko naiti.